Vibuyu vya Nguchiro

Hekaya hii aliisimulia kwanza Bibi Mwanasiti, mwaka ule wa nzige.

Nyoka Swila alimtemea sumu mtoto wa Digidigi, akampofua jicho moja. Wanyama wakampa Nguchiro kazi ya kutafuta dawa. Digidigi, akilihofia jicho la pili, akaenda kuuliza.

“Shikamoo, Bwana Nguchiro. Dawa tayari?”

“Marahaba, mama. Bado. Ila sumu ninayo, vibuyu tele. Nimeipika mwenyewe, kali kuliko ya Swila.”

“Ya nini tena?”

“Ya kujaribia dawa. Je, kesho Swila akitema kali zaidi?”

Njiani Digidigi alimkuta Swila anahama na wanawe.

“Leo unakimbia wewe! Unamkimbia nani?”

“Huyo anayewakinga ninyi.”

Digidigi alimchukua mwanawe, akahama pia.

Swila amekwisha kufa. Digidigi na mwanawe wangali hai, ng’ambo ya mto. Nguchiro naye yu hai, na dawa bado anaitafuta.