Nyumba ya Pweza

Nahodha hakuwa na imani na kiongozi mpya wa wageni, mama wa miaka hamsini aliyekuja na fimbo yake ya kuchokolea pweza, ilhali kwenye miamba ya kisiwa kile uvuvi ulishapigwa marufuku.

Bi Kazija alizama na wageni, akawaonyesha tundu moja kwa fimbo. Jicho la pweza likawatazama.

"Mama, umejuaje kama yumo?" mgeni mmoja aliuliza walipoibuka.

Alijibu kwa sauti, nahodha naye asikie: "Nyumba hii naijua. Mama yake nilimtoa humuhumu, nikampika kwa nazi."

Nahodha akamvulia kofia.

Bi Kazija akazama tena, peke yake. Pweza alinyoosha mnyiri mmoja, akaishika ncha ya fimbo, akaivuta. Bi Kazija akamwachia.