Mchumba Asiyejua Kutoboa

Drili ilipenya hadi upande wa pili, na ncha yake ikachungulia chini ya ski kama panya anayetoka shimoni.

"Hongera," alisema Asbjørg. "Sasa una ski inayovuja."

Sjur aliinama kulitazama tundu. Alikuwa mchumba wa Ingunn, binti pekee wa Asbjørg. Jumamosi hiyo wawili hao walikuwa wametoka mjini na ski za mtumba, zile mbao ndefu za kuteleza kwenye theluji, pamoja na vifungo, vile vyuma vinavyoshika kiatu, ambavyo Sjur alitaka kuvifunga kwa mkono wake. Kwenye nyumba yao ya kupanga, alisema, majirani hawataki kelele. Ndiyo maana aliomba meza ya karakana.

Kwa miaka mingi Asbjørg na mumewe Gudbrand ndio waliowafungia ski watu wa bonde lile. Gudbrand alifariki miaka miwili iliyopita. Tangu mazishi, Ingunn alikuwa akija kwa nadra, anakunywa kahawa akiwa na koti mwilini, kisha anaondoka. Kila alipouliza habari za karakana kwa simu, mama yake alijibu kwamba imefungwa, na ufunguo hajui alikouweka. Siku hizi alijibu hata kwamba chakula hakimpandi.

Leo ufunguo ulipatikana. Ingunn alitarajia vumbi na buibui, lakini hakuviona. Akashukuru tu kwamba drili iliwaka mara ya kwanza.

"Ulipima?" Asbjørg alimuuliza Sjur.

"Nilipima, mama."

"Kwa kutumia nini?"

"Kwa rula."

"Basi rula yako imelewa."

Sjur alitoboa tundu jingine. Nalo lilikwenda pembeni ya mstari.

"Kifungo hiki kinaelekea Uswidi, mwenzake anaelekea baharini," alisema Asbjørg. "Ukiteremka mlima utapasuka katikati kama kuni. Hivi huko kwenu Bergen, si mvua tu mwaka mzima? Kwa nini usitengeneze miavuli, ski ukawaachia watu?"

"Mama, mwache basi," Ingunn alisema, lakini sauti yake haikuwa na hasira. Aligeukia dirishani.

"Nimwache afe? Kiatu kikichomoka kule juu, atakayemlilia nani? Mimi sina muda."

Sjur alichukua skrubu na kuanza kuizungusha kwenye tundu bila kutia gundi. Mbao ikalia.

Asbjørg akainuka. "Toka. Toka hapo mezani. Ski za mtumba, na fundi naye wa mtumba."

Akampokonya drili. Alizungusha utepe kwenye ncha ili ajue pa kukomea, akaziba matundu mabaya kwa vijiti na gundi, akakiweka kiatu juu ya ski na kuchora mstari upya. Alitoboa kwa pumzi moja, akapuliza unga wa mbao, akatia gundi, kisha akakaza skrubu kwa bisibisi ya mkono, akisikiliza.

"Watu hufanya hivi," alimwambia Sjur. "Si kugotagota kama wewe, kigogota usiye na mti."

Jioni alikula mkate na jibini ya kahawia, akaongeza kipande, akaongeza na matusi.

Garini, Ingunn alisubiri mpaka walipoipita kona ya kanisa.

"Lile tundu la kwanza ulizidisha," alisema.

"Roho iliniuma." Sjur alikuwa fundi mkuu wa duka la ski mjini, na wakimbiaji wa mashindano ya ski hawakukubali mwingine aguse vifungo vyao. "Tangu nianze kazi sijawahi kutoboa ski mpaka chini."

"Lakini umemwona? Ameshika drili. Amekula."

"Nimemwona. Pia nimemsikia."

"Jumamosi ijayo tulete nyingine."

"Bosi ataona naokota ski mbovu kila wiki, adhani nimeanza kunywa."

Walirudi Jumamosi iliyofuata, na zilizofuata pia. Sjur aliharibu, Asbjørg alimtukana na kurekebisha, watu wakala. Ingunn sasa alivua koti. Alianza kulala kwenye chumba chake cha utotoni, na kabla ya Krismasi akaenda na mama yake kuwasha mshumaa kwenye kaburi la baba. Hakuwa amelikanyaga tangu siku ya kuzika. Alilia sana, na Asbjørg akamshika mpaka akamaliza.

Jumatatu yake, Halvdan, jirani wa ng'ambo ya kijito, aliingia karakanani bila kubisha, ski zikiwa begani.

"Za mke wangu," alisema. "Zangu ulizonifungia wiki ile ziko sawasawa."

Asbjørg hakuinua macho kutoka kwenye kazi. "Ziegemeze ukutani pamoja na za wenzako. Uje Ijumaa uzichukue. Nataka ukuta uwe mtupu kabla Ingunn na mchumba wake hawajafika Jumamosi."

"Na huyo mkwe, bado anatoboa vibaya?"

"Vibaya kwa mstari ulionyooka. Yule ni fundi hodari. Mjinga hawezi kuharibu kwa unadhifu namna ile."

Halvdan alicheka, kisha akaacha kucheka. "Asbjørg, tangu Gudbrand aondoke hujaiweka drili chini hata wiki moja. Na jana nimekuona ukila kwa watu wawili. Mwambie mtoto kwamba u mzima."

"Nimwambie," alisema Asbjørg, "halafu aje kufanya nini?"