Pakiti ya Kijani

Feni ya tatu nayo ilikuwa nzima. Jui-hsin aliizungusha kwa kidole, ikazunguka laini. Hata hivyo seva ilizidi kuchemka, na feni zilizobaki zilivuma kama zinakimbizwa.

“Andika kwenye ripoti: feni mbovu,” bosi wake alisema. “Na fundi aliyezifunga namfukuza leo leo.”

Jui-hsin akazunguka mbele, akafungua mlango wa kabati la seva. Pakiti ya kijani ya vitafunio vya nazi, ile ambayo Taipei nzima huiweka juu ya mashine ili zisilete ukorofi, ilikuwa imeteleza na kunyonywa na upepo wa feni, ikaziba matundu ya hewa.

“Hiyo usiiguse, dada,” bosi alidakia. “Ina baraka.”

Aliibandua. Mvumo ukaanza kushuka. Mgongoni mwa pakiti, aliyeiweka alikuwa ameandika jina lake na cheo.

“Soma mwenyewe, bosi,” alisema. “Halafu niambie tunamfukuza nani.”