Bail ya Miaka Mitatu

Wambui aliusoma ujumbe kwa mara ya tatu, akazima jiko. Ugali ulikuwa bado mbichi, lakini nani angekula?

"Mama, aksanti ya Mungu! Leo balinipatia bail. Ni ya miaka mitatu. Pasta ndiye mudhamini wangu. Makena asijue kwanza, nitamwambia miye mwenyewe."

Aliyeandika ni Israël wa Bukavu, mchumba wa Makena, binti yake wa pekee. Harusi ilikuwa imebakiza wiki tatu, kadi zimeshagawiwa kanisa zima pale Lewisham, huku ughaibuni, na sasa bwana harusi yuko nje kwa dhamana!

"Ngai! Baba Makena, njoo uone mambo ya mkwe wako!"

Wanjohi alivaa miwani, akasoma polepole kama kawaida yake. "Mtu akipewa bail maana yake hajafungwa," akasema. "Huo ni mwanzo mzuri."

"Usinichekeshe, nina hasira."

Wambui alikulia Kenya, ambako neno bail hutajwa kwenye taarifa ya habari karibu kila jioni, kabla hata ya hali ya hewa. Hakuhitaji kufafanuliwa. Alichotaka ni kujua kijana amefanya nini, kwa hiyo akamwandikia waziwazi: ilikuwaje?

Jibu halikuchelewa, tena lilikuja na vicheko. "Tulikuwa batu kumi na moja, Mama. Bengine bote balikataliwa. Miye peke yangu!"

"Kumi na mmoja!" Wambui akajibwaga kitini. "Hilo ni genge, Baba Makena. Genge zima!"

"Haraka haraka haina baraka. Muulize masharti."

Masharti yakaja. Asipige kelele baada ya saa tano usiku. Asilaze mtu mwingine bila ruhusa. Asihame bila kuwapa taarifa, na wao wana haki ya kuja kukagua. "Si mabaya," Israël alimalizia. "Bwana Hemal ni mutu muzuri sana."

"Ona! Anamsifu hadi polisi wake."

Hapo ndipo Wambui alipoanza kuunganisha mambo. Kijana huyu alipoletwa nyumbani mara ya kwanza, hakuwa na Kiingereza cha kuombea hata kijiko. Alionyesha kwa kidole. Lakini government, parliament, justice, tribunal, prison? Hayo yalimteleza mdomoni kama uji. Barua za serikali zilizowashinda watu wa kanisani, yeye alizisoma bila jasho. Walipomuuliza alijifunzia wapi, alijibu kwamba Kiingereza cha serikali ni Kifaransa kilichovaa koti, na meza nzima ikacheka. Kumbe! Mtu hajui kijiko, lakini tribunal na prison anavijua?

"Kikulacho ki nguoni mwako," Wambui akasema, na machozi yakamtoka. Yalimtoka kwa sababu alimpenda. Kati ya vijana wote waliowahi kukanyaga nyumba ile, ni huyu tu aliyekuwa akila, akishukuru, kisha akikunja mikono ya shati na kuosha vyombo vya watu wote.

Simu ikalia tena. "Kuyeni saa kumi hapa Croydon, munisaidie kubeba bintu byangu." Anwani ilifuata.

"Wanamrudishia vitu walivyomnyang'anya," alisema Wambui. Safari hii hata Wanjohi hakutania.

Makena alikuwa zamu hospitalini mpaka jioni. Wambui akakata shauri: binti akitoka kazini, akute uchumba umeshavunjwa. Afadhali alie wiki moja kuliko kulia maisha yake yote. Walishuka treni, wakapanda tramu, na humo ndani akawa anafanya mazoezi ya maneno yake kwa sauti, mpaka mama mmoja wa Kizungu akahama kiti. "Israël, mimi sina ubaya na wewe, ila..." Kila akifika kwenye "ila," anaanza upya. Wanjohi alimpa leso, akamwambia apumue.

Jengo lilikuwa refu, la vioo, lenye sura ya ofisi kabisa. Mlangoni alisimama Israël na begi kubwa miguuni, na kando yake bwana mmoja wa Kihindi mwenye tai na faili kwapani. Kijana alipowaona alitoa meno yote nje. Akaja mbio, akampokea Wambui mkoba, akamuuliza kama amechoka na safari.

Maneno yote ya kwenye tramu yakapotea. Wambui alimpita Israël, akaenda kusimama mbele ya yule mwenye tai.

"Wewe ndiye Bwana Hemal? Sasa nisikilize. Huyu ni mtoto wangu. Alichofanya sikijui, na sitaki kukijua. Lakini miaka mitatu kwenye bail hakai! Mimi na mzee wangu tutamtafutia wakili leo hii, na wiki tatu zijazo huyu anaoa binti yangu, upende usipende."

Wanjohi akakohoa kwa fahari, akasogea kusimama ubavuni mwa mkewe.

Hemal aliwatazama wote wawili, kisha akamgeukia Israël, akasema kwa Kiswahili safi cha Kisumu: "Kwani umebadili nia? Si umetia sahihi mkataba asubuhi?"

Israël aliinua mkono, funguo mbili mpya zikining'inia kidoleni.

"Lakini Mama," akasema kwa upole, "kule Kenya munapangaka nyumba bila bail?"