Bakuli la Kutemea

Siku hizi kila mtu mzima huvaa mapendeleo yake kwenye bangili, na nyumba yoyote anayohamia hutakiwa kuyasoma. Nyumba ya Sikudhani haikumsoma. Kwa mwezi mzima ambao yeye na bintiye walimsubiri fundi, jiko liliwapikia uji laini usio na chumvi, shuka zilinuka dawa ya kuchua, na kila alfajiri ukuta ulisogeza bakuli la kutemea, lenye maji vuguvugu, karibu na kila mto. Sikudhani alilisukuma lake kwa kiwiko.

"Haya ni mapendeleo ya mzee aliyefia humu," fundi Kombo alisema alipofika. "Nyumba ilielekezwa isome yaliyohifadhiwa ukutani tu, si bangili."

"Yafute yote, kaka. Kinyaa kitaniua."

"Kuna mwingine humu?"

"Binti yangu Chiku. Bado mdogo, hana bangili."

"Basi huyo hana cha kusomwa."

Kombo aliielekeza nyumba kwenye bangili, akafuta ya mzee, akaondoka. Jioni chai ilikuja na tangawizi. Sikudhani alitabasamu.

Alfajiri alisikia kikohozi kizito chumbani kwa mwanawe. Chiku alikuwa amekaa kitandani, mashavu yamevimba kwa mate, mikono ikipapasa kando ya mto, pale alipozoea kulikuta bakuli mwezi mzima. Mate yakamchuruzika kidevuni.

"Mama, bakuli langu wamelipeleka wapi?"