Kodi ya Harufu

Ndugu wananchi, Serikali imepandisha tena kodi ya harufu ya chakula ili taifa lisonge mbele. Kwetu taifa lilisonga mbele, pilau ikabaki nyuma.

Jirani yetu, Bwana Lukindo, halipi kitu, kwa kuwa jiko lake limezibwa kwa vioo na harufu haitoki. Sisi wenye madirisha ya wavu tunanuswa na pua ya chuma iliyo juu ya nguzo. Kwa hiyo Mama hupika wali mweupe tu, miaka nenda rudi.

Likizo hii nilibeba jiko la mkaa hadi nyuma ya ukuta wa Bwana Lukindo, nikakaanga vitunguu, iliki na mdalasini. Pua ikalia, ikamtoza yeye. Nikarudi nyumbani na uso wa mtakatifu.

“Mama, Kaka ananuka dawa!” mdogo wangu Mwanaidi akapiga kelele.

Mama akanivuta shati, akalinusa. Nikasubiri kofi.

“Siyo dawa, mwanangu,” akamwambia Mwanaidi taratibu. “Hiyo ndiyo pilau.” Kisha akanigeukia. “Nani amekaanga?”

“Ni mimi, Mama.”

“Ziba madirisha kwa mablanketi, pua isitunuse,” akasema, bila kuliachia shati.