Ufizi Mweusi wa Mishi

Siku hizi mwanamke hapati kazi mpaka ufizi wake ukatwe kwa kipimo kimoja na kutiwa rangi ya waridi. Mishi, mwenye ufizi mweusi wa kwao, alikatwa. Uvimbe ulipokwisha akarudi nyumbani kwa mwanawe.

Bibi yake, Bi Tatu, alikuwa amempakata mtoto.

"Umekuwa kama picha ya kwenye boksi la dawa ya mswaki! Akikukataa, mjukuu wangu, usilie."

Mishi akatabasamu. Mtoto akacheka, akanyoosha mikono.

"Umeona, bibi? Kanijua!"

"Alhamdulillahi."

Hodi ikapigwa. Akaingia muuza maziwa, binti mgeni kabisa, akatabasamu, ufizi wake wa waridi, wa kipimo kile kile.

Mtoto akacheka vile vile, akawanyooshea Mishi na mgeni, kila mmoja mkono wake.